Nimerudi BTP (mazoezi ya kufundisha): mkondo wa chaki umeupita mkondo wa projekta. Walimu wazoefu, mnalielezaje hili?

#1 Tarajali wa Fizikia

Wakuu, salaam.

Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya ualimu, Fizikia na Hisabati. Nimemaliza mazoezi ya kufundisha kwenye sekondari moja ya kata, sitaitaja. Nilipewa kidato cha pili, mikondo miwili, kila mmoja una wanafunzi zaidi ya 70, mada ya umeme. Chuoni tumehubiriwa TEHAMA tangu mwaka wa kwanza, na mkufunzi akija kukagua anatazama zana kabla hajakutazama wewe.

Mkondo A nikaufundisha kwa projekta na kompyuta mpakato yangu. Nilionyesha majaribio ya PhET, yale ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Unaunganisha betri, waya na balbu kwenye skrini, unaona chembe zinavyotembea ndani ya waya, ukifunga swichi balbu inawaka. Nilishayapakua kabla, sikuhitaji bando darasani. Kwa mkondo B projekta haikupatikana, maana ni moja shule nzima na ina foleni. Nikatumia ubao, betri za redio, vipande vya waya na balbu za tochi nilizonunua gulioni.

Mkondo A walifurahi mno, hata wa mikondo mingine walikuwa wanachungulia dirishani. Mkondo B ilikuwa vurugu: waya zinachomoka, balbu zinaungua, kelele. Jaribio la mwisho wa mada lilikuwa lile lile kwa wote. Mkondo B wakawa juu, tena kwa kuonekana, hasa swali la kuchora sakiti ya sambamba na lile la kueleza kwa nini balbu moja ikikatika nyingine inaendelea kuwaka.

Naipenda teknolojia na nina nia ya kuitumia maisha yangu yote ya kazi. Ndiyo maana linaninyima usingizi. Nikipata ajira nitasimama mbele ya watoto wa watu, nataka niwe najua ninachofanya. Mnalielezaje?

#2 Chaki Nyeupe

Karibu kwenye kazi, mwanangu. Mimi nakaribia kustaafu, nimefundisha Fizikia na Kemia mikoa mitatu.

Jibu langu ni fupi. Mkondo A nani aliunganisha waya? Wewe. Wao walikutazama. Mkondo B nani aliunganisha? Wao. Balbu ilipokataa kuwaka walilazimika kuuliza kwa nini imekataa, na hapo ndipo Fizikia ilipoingia kichwani. Kwenye skrini balbu haikatai, na ikikataa mwalimu anaibofya inawaka.

Hizo kelele ulizoziita vurugu, mimi naziita kipindi.

#3 Takwimu Kwanza

Kabla hatujaenda mbali. Mikondo ilipangwaje? Na walikuwa na alama gani kabla ya mada kuanza?

#4 Tarajali wa Fizikia

Mkuu #3, ilipangwa kwa herufi za majina walipoingia kidato cha kwanza. Fizikia muhula uliopita walikuwa karibu sana.

#5 Takwimu Kwanza

"Karibu sana" haitoshi. Hukuwapima umeme kabla hujaanza kuwafundisha umeme. Mtihani umeutunga wewe, umeusahihisha wewe, ukijua karatasi hii ni ya A na hii ya B. Na angalia maswali yenyewe: swali la kuchora linambeba aliyekuwa anachora. Mkondo B walinakili michoro ubaoni kila kipindi, mkondo A walikuwa wanatazama ukutani. Ungeuliza chembe zinatembeaje ndani ya waya, au mkondo wa umeme unakuwaje balbu zikiongezwa, huenda A wangekupa jibu lingine kabisa.

Sikukatishi tamaa. Ni vizuri kwamba umelinganisha, wengi hatulinganishi. Ila usijenge imani ya maisha juu ya jaribio moja.

#6 Mama Zawadi

Hoja ya #5 ina uzito lakini mimi ningeanza na viti vya nyuma. Watoto 70, skrini moja, tena bila shaka ni shuka au ukuta uliopakwa chokaa, madirisha hayana mapazia, jua la saa tano. Aliyekaa dawati la mwisho aliona nini? Nimefundisha Jiografia miaka mingi, najua: projekta mchana kwenye darasa letu la kawaida inafundisha safu mbili za mbele.

#7 Tarajali wa Fizikia

Mama #6, kweli madirisha hayana mapazia. Niliwasogeza mbele wakasimama, wengine wakakaa sakafuni.

#8 Mama Zawadi

Waliosimama hawaandiki. Tayari #5 na mimi tumekutana hapo.

#9 Mzigua wa Handeni

Wazee mnaitetea sana chaki. Huku kwetu Tanga shule zetu zilipewa tableti, watoto wakajifunza kusoma Kiswahili wenyewe bila mwalimu kabisa. Lilikuwa shindano la dunia, fedha zake alitoa Elon Musk. Kama mtoto wa kijijini kajifundisha kusoma na kishikwambi, basi shida ya kidato cha pili ni namna ya kutumia tu. Kifaa hakina kosa.

#10 Mtoto wa Pangani

Ndugu yangu #9, hilo naomba nilinyooshe kwa sababu nilikuwepo na nililiona kwa macho.

Hazikupewa shule. Lilikuwa shindano la Global Learning XPRIZE, tableti zilipelekwa vijijini kwa watoto wenyewe, takriban 2,700, katika vijiji kama 170 vya mkoa wetu wa Tanga. Walengwa walikuwa watoto ambao wengi wao shule hawajaikanyaga. Kwenye upimaji wa mwanzo asilimia 74 walisema hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 hilo kundi la wasioweza kusoma neno lilipungua kama nusu. Washindi walitangazwa Mei 2019, wakawa wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10.

Sasa, "bila mwalimu" ni kweli. Lakini si "bila mtu". Kila kijiji kilikuwa na kituo cha kuchajia kwa umeme wa jua na mtu wa kukiangalia, na watoto walikuwa wanakaa pamoja, mkubwa anamwonyesha mdogo pa kubonyeza. Wadogo zangu walikuwa wanakusanyika barazani kwetu jioni. Nani alimfundisha nani pale, mimi hata leo siwezi kukwambia.

#11 Mzigua wa Handeni

Asante kwa kuweka sawa, jirani. Hoja yangu bado iko pale pale: mwalimu hakuwepo na mtoto kasoma.

#12 Takwimu Kwanza

Na mimi niongeze hapo. Watoto wa Tanga walilinganishwa na watoto wa vijiji ambavyo havikupewa tableti. Hawakulinganishwa na watoto wenye mwalimu mzuri. Kwa hiyo tunachojua ni kwamba tableti ni bora kuliko kutokuwa na chochote. Kwa mtoto asiye na shule hilo ni jambo kubwa sana na silibezi. Ila halimjibu mleta mada, ambaye yeye alikuwepo darasani mwenyewe.

#13 Kisumu Mjini

Hamjambo majirani. Mimi ni mwalimu wa gredi ya nne huku Kenya, naomba nichangie kwa sababu jambo hili limetupitia.

Serikali iliahidi mwaka wa 2013 laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zilipokuja, kuanzia 2016, hazikuwa laptopu tena, zilikuwa tableti za wanafunzi, na laptopu mbili za walimu, na projekta. Zilifika shule za msingi zaidi ya elfu ishirini, vifaa zaidi ya milioni moja. Kazi ya kuvifikisha haikuwa ndogo, na stima iliwekwa katika shule nyingi kwa sababu ya mpango huo, hilo nalipongeza kwa dhati. Lakini katika shule niliyokuwa nafundisha wakati huo, zilikaa stoo kwa sababu mwalimu mkuu aliogopa zikiibiwa atalipishwa yeye. Mtoto haguswi na kifaa kilicho chini ya kufuli.

La pili ndilo nililotaka kusema hasa. Palifanyika utafiti hapa Kisumu chini ya PRIMR, mpango wa kufundisha kusoma uliotangulia ule wa Tusome. Kundi moja la shule, tableti walipewa wakufunzi wanaozunguka kuwatembelea walimu. Kundi la pili walipewa walimu. Kundi la tatu, wanafunzi wenyewe walipewa visomeo vya kielektroniki. Makundi yote matatu yalisoma vizuri kuliko shule zisizo na mpango. Lakini baina ya hayo matatu, tofauti haikuwa kubwa ya kutajika, na kumpa mkufunzi ndiyo iliyokuwa rahisi kwa gharama. Tusome ilipoanza nchi nzima 2015 ilichukua njia hiyo: kila mtoto kitabu chake cha karatasi, mwalimu mwongozo wake, na tableti mkononi mwa ofisa anayekuja kuketi nyuma ya darasa, kutazama kipindi, kumsikiliza mtoto mmoja mmoja akisoma na kuzungumza na mwalimu baadaye.

Kwa hivyo jibu langu kwa mwenye uzi: hukupungukiwa projekta wala balbu. Hukuwa na mtu wa kuketi nyuma akakuambia baada ya kipindi, "mwalimu, safu ya tatu ilikupotea dakika ya kumi."

#14 Chaki Nyeupe

#13 umenigusa. Zamani sisi tulikuwa na mkuu wa idara anaingia darasani kwako bila taarifa, anakaa, anaondoka kimya, jioni anakuita. Tulimwogopa lakini ndiye aliyetufanya walimu.

(Na Kiswahili chako kimetulia, jirani. Ukivuka Sirari utafute kwangu, chai ipo.)

#15 Kisumu Mjini

Nitakuja, mzee. Andaa na samaki, nisije nikala tilapia ya Mwanza nikawasimulia watu vibaya.

#16 Mkufunzi Mstaafu

Mimi nilikuwa mkufunzi, na nilikuwa mmoja wa wale wanaotazama zana kabla ya uso. Niseme kinachotokea upande wetu. Mkufunzi ana wanachuo wengi, wametawanyika wilaya nzima, ana kipindi kimoja cha kukuona. Zana inaonekana upesi, kufikiri kwa mtoto hakuonekani upesi. Kwa hiyo fomu inajaa kwa kile kinachoonekana, na mwanachuo anajifunza kuandaa kile kitakachojaza fomu.

Nakuuliza Tarajali: jioni moja kabla ya kipindi cha mkondo A ulifanya nini? Na kabla ya kipindi cha mkondo B?

#17 Tarajali wa Fizikia

Mwalimu #16, swali zito. Kwa mkondo A jioni nilikuwa natafuta waya wa kuunganishia, najaribu projekta, naangalia kama kompyuta imejaa chaji. Kwa mkondo B nilikaa na betri na balbu nyumbani, nikaunganisha mwenyewe, nikaandika maswali ya kuwauliza kila hatua: nikitoa hii itakuwaje, nikiongeza ya tatu mwanga utapungua au utabaki.

#18 Mkufunzi Mstaafu

Basi mimi maelezo yangu ndiyo hayo. Mkondo B walipata maswali na mkondo A walipata projekta. Peleka yale yale maswali kwenye skrini, kabla ya kubofya wafanye ubashiri kwenye daftari, halafu ndipo ubofye. Ukipata tofauti hapo, tutazungumza habari ya kifaa.

#19 Mzigua wa Handeni

Hapo nakubaliana na mkufunzi. Naona hata #2 hawezi kupinga.

#20 Chaki Nyeupe

Napinga kidogo. Kubashiri ni kuzuri. Lakini waya iliyolegea ina somo ambalo skrini haina. Mtihani wa vitendo wa NECTA (Baraza la Mitihani) mtoto anawekewa ammita na voltimita mezani, sindano inacheza, waya ina kutu. Aliyezoea skrini atashika kichwa.

#21 Fundi Sola Tabora

Mimi si mwalimu, nafunga sola mashuleni na zahanati. Nimesoma uzi wote, naona hakuna aliyegusa umeme wakati mada yenyewe ni umeme.

Projekta ya taa ya kawaida inakula kama wati 250. Kompyuta mpakato weka 50. Jumla 300. Kipindi pacha ni dakika 80. Hapo umetumia wati-saa 400, na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri, nayo ina sehemu yake inayopotea, sema 450 na zaidi. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 100, ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua. Kwa hiyo una 600 za kutumia. Kipindi pacha kimoja kimekula robo tatu ya hizo, na shule ina mikondo mingapi? Ndiyo maana ile projekta ina foleni.

Vishikwambi ni habari nyingine. Kimoja kinakula wati chache tu, betri ile ile inachaji vingi. Shida yake ni tundu la chaji. Nafungua vishikwambi vya walimu kila wiki na wengi wanakuja na tundu limelegea, vumbi limejaa, au betri imevimba kwa kuachwa kwenye chaji usiku kucha juani. Mkinunua vifaa mia, nunueni na waya za akiba, na mtu mmoja shuleni afundishwe kusafisha lile tundu. Sijawahi kuona bajeti ya shule yenye kipengele cha waya.

#22 Mama Zawadi

Fundi, hii ni hesabu ya kuwapa kidato cha pili wenyewe. Tarajali, chukua hii! Mada ya nguvu ya umeme imekwisha hapo hapo, na wataijua shule yao.

#23 Tarajali wa Fizikia

Nimeinakili tayari. Asante fundi.

#24 Bint Unguja

Assalaam alaykum. Munazungumza skrini tu, kama kwamba teknolojia ni skrini peke yake. Huku Zanzibar kuanzia 2006 tulikuwa na masomo ya redio chini ya mradi wa RISE, kipindi kikiitwa Tucheze Tujifunze, kwa watoto wa maandalizi na madarasa ya mwanzo. Redio inazungumza, inanyamaza kidogo, watoto wanajibu, wanaimba, wanahesabu kwa mawe, mwalimu anafuatisha. Na vilikuwako vituo mitaani, sehemu ambazo hazina skuli karibu, anayesimamia ni mtu wa hapo hapo mtaani.

Mie nilikuwa mwalimu wa maandalizi. Naona faida yake kubwa ilikuwa kwangu mie kuliko hata kwa watoto. Kila siku nilikuwa namsikia mtu anauliza suali kisha anasubiri. Sikuwahi kufundishwa kusubiri. Nikiuliza, mtoto asipojibu hapo hapo, najibu mwenyewe. Redio ilinifundisha kunyamaza.

#25 Mkufunzi Mstaafu

#24, bandiko lako lingekuwa mhadhara chuoni.

#26 Kisumu Mjini

Kweli kabisa. Na wakati wa korona redio ndiyo iliyofika kwa wengi. Wale wa madarasa ya mtandaoni walikuwa watoto wa mijini wenye wazazi wa kulipia bando.

#27 Kijana Katavi

Naomba kuuliza, hizo PhET lugha gani? Wanafunzi wetu wametoka darasa la saba kwa Kiswahili, kidato cha kwanza wanakutana na Kiingereza. Mimi nadhani tatizo la mkondo A lilikuwa hapo. Skrini imejaa maneno ya Kiingereza, mwalimu anazungumza huku wanasoma, wanapotea. Mkondo B waliongea wenyewe kwa wenyewe kwenye vikundi, na nina hakika hawakuongea Kiingereza.

#28 Tarajali wa Fizikia

#27, hawakuongea Kiingereza hata kidogo, nilisikia hadi Kisukuma. Nilitumia toleo la Kiingereza. Baadhi ya majaribio yao yametafsiriwa kwa Kiswahili, ila niliona mtihani unakuja kwa Kiingereza, bora wazoee maneno.

#29 Chaki Nyeupe

Hapo #27 amekaribia shabaha kuliko sisi wote. Nimeona mtoto anayejua kila kitu kuhusu baiskeli na dainamo yake, ukimwuliza kwa Kiingereza anakuwa bubu. Kikundi ni mahali pekee anaporuhusiwa kufikiri kwa lugha yake.

#30 Takwimu Kwanza

Lakini wote wawili walifanya mtihani kwa Kiingereza, na B wakashinda. Kama lugha ndiyo tatizo, ilikuwa tatizo la wote.

#31 Kijana Katavi

Kuelewa kwanza kwa lugha yako, kisha kuandika kwa lugha nyingine, si sawa na kutoelewa kwa lugha zote mbili.

#32 Mwalimu wa Kambi

Aksanti kwa mjadala. Mimi ni Mkongo, nilifundisha kambini Nyarugusu, Kigoma. Kule kuna madarasa ya mradi wa Instant Network Schools, wa Vodafone Foundation na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Kila darasa linakuja kama sanduku moja: tableti 25, laptopu, projekta, spika na intaneti yake. Darasa langu lilikuwa kubwa kuliko hizo tableti, kwa hiyo watoto watatu au wanne kwa kifaa kimoja.

Nataka kumuunga mkono ndugu wa Katavi. Watoto wetu wanafuata mtaala wa Kongo, wanasoma kwa Kifaransa, nyumbani Kiswahili na Kibembe. Sehemu kubwa ya mambo mazuri tuliyopata ilikuwa Kiingereza. Kwa hiyo kazi yangu ya jioni ilikuwa kutafuta, kuchagua, kutupa. Nilikuwa kama mtu wa kuchambua mchele. Mwalimu ambaye hakupewa muda wa kuchambua, alifungua tu kilichopo, watoto wakaangalia picha.

Lakini nawaambia pia: watoto watatu kwa tableti moja walijadiliana kuliko mtoto mmoja na tableti yake. Walikuwa wanagombana, "wewe usibonyeze, ngoja kwanza." Nilikuwa naomba vifaa zaidi, baadaye nikaona uhaba wenyewe ulikuwa unafanya kazi.

#33 Mzigua wa Handeni

#32 na #10 mnasema kitu kimoja: kundi dogo kuzunguka kifaa. Kwa hiyo kosa la mkondo A ni ukubwa wa kundi, watu 70 kuzunguka kifaa kimoja. Teknolojia haijashindwa.

#34 Mama wa Mwenye Uoni Hafifu

Nimekuwa nikisoma kimya. Mwanangu ana uoni hafifu, yuko kidato cha tatu. Kwa miaka alikuwa ananakili kwa kusikiliza tu jirani yake anavyosoma ubao. Simu kwa mwanafunzi hairuhusiwi, na naelewa kwa nini. Tulimwendea mkuu wa shule na barua ya daktari wa macho, akakubali atumie simu isiyo na laini. Anapiga picha ubao, anaikuza, anasoma mwenyewe. Nyumbani anasikiliza vitabu, ile sauti ya Android inasoma na Kiswahili pia, na vitabu vya kiada vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) viko bure kwenye maktaba mtandao yao.

Ninyi mnapima wastani wa mkondo. Mwanangu hayumo kwenye wastani. Kwake hakuna mjadala wa chaki na skrini. Tarajali, ukipata darasa lako, kabla hujafikiria projekta ulizia nani haoni ubao na nani hasikii. Mara nyingi wako watatu wanne na hakuna aliyewahi kuuliza.

#35 Chaki Nyeupe

Mama, nimekusoma mara mbili. Ahsante sana kwa kuandika.

#36 Tarajali wa Fizikia

Mama #34, nimefundisha mikondo miwili na sikuuliza hata mkondo mmoja. Nitauliza.

#37 Nyundo

Nachepuka kidogo. Tarajali, maandalio ya somo uliandika mwenyewe au yaliandikwa na ChatGPT? Hawa vijana wa sasa tunawajua.

#38 Tarajali wa Fizikia

Niliandika mwenyewe, mkuu. Niliijaribu, ikanipa andalio zuri la kusoma lakini darasa lake lina wanafunzi 30 na kila mmoja ana kifaa chake. Nilipoiambia wako zaidi ya 70 na projekta moja, ikapunguza maneno ikaacha mpango ule ule. Ilichonisaidia ni maswali: ilinipa makosa ambayo wanafunzi huwa nayo kuhusu umeme, kwa mfano kudhani kwamba balbu ya kwanza "inakula" umeme na ya pili inabakiziwa. Hilo kosa nililikuta darasani kweli, mikondo yote miwili.

#39 Mkufunzi Mstaafu

Hilo kosa ni la zamani kuliko kompyuta, na ndilo ambalo PhET ingelitibu vizuri. Chembe zinaonekana zinapita balbu ya kwanza na kuendelea kwa idadi ile ile. Kwa waya na balbu za gulioni huwezi kuliona hilo kwa macho, labda uwe na ammita mbili. Mzee Chaki, hapo skrini inakushinda.

#40 Chaki Nyeupe

Hapo nakupa. Lakini ammita mbili ziko stoo ya shule nyingi, zimefungiwa pamoja na zile tableti za jirani yangu wa Kisumu.

#41 Takwimu Kwanza

Na hapo hapo narudi kwenye #5. Swali la kula umeme lilikuwemo kwenye jaribio?

#42 Tarajali wa Fizikia

Halikuwemo.

#43 Takwimu Kwanza

Basi hatujui mkondo upi ulijifunza nini. Tunajua upi ulichora vizuri.

#44 Mama Zawadi

Kuchora vizuri na kueleza kwa nini balbu ya pili haizimiki. Usilisahau la pili, mwanangu #43. Hilo si kuchora.

#45 Mwalimu wa Kambi

Kwa Tarajali: kama unataka watoto wabofye wenyewe bila intaneti, itafute programu ya Kolibri ya Learning Equality. Ni bure. Unaiweka kwenye laptopu yako, laptopu inakuwa kama kituo, vishikwambi vinaungana nayo kwa Wi-Fi ya ndani, bila bando. Ndani yake unaweza kupakua PhET na mengine. Shule ikiwa na walimu kumi wenye vile vishikwambi walivyogawiwa baada ya Sensa ya 2022, mkiviazima kwa kipindi kimoja mnapata makundi kumi ya watoto saba.

#46 Kijana Katavi

Walimu watakubali kuazima? Vingi vinatumika kutuma takwimu, na kimoja nakijua kimehamia kwa watoto wa nyumbani, kimejaa michezo.

#47 Mama Zawadi

Mimi changu nitaazima. Ila kirudi na chaji.

#48 Fundi Sola Tabora

Na kirudi na waya wake. #45, hiyo laptopu ikiwa kituo kwa dakika 80 inaweza kubeba vishikwambi kumi kwa wakati mmoja bila kukwama? Kuna shule Urambo wananiuliza niwafungie router ndogo ya volti 12 moja kwa moja kwenye betri, bila inveta. Nataka kujua kabla sijawaambia wanunue.